Malalamiko Kuhusu Kuachishwa Pombe kwa Baba Kakenya

Seenoi Lomayani (Mama Kakenya),
Muuza vitunguu, sokoni,
Karatu.

Kwa Mganga Mfawidhi,
Kituo cha Afya, mtaani kwetu,
Karatu.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: MUME WANGU KUPONYWA BILA MIMI KUSHIRIKISHWA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wauguzi wote, hasa Nesi Salha, ambaye ndiye chanzo cha matatizo yangu.

Mimi ni mke halali wa Lomayani, fundi wa springi na shokapu za magari ya watalii katika gereji moja hapa mjini. Kwa miaka kumi na moja yeye alikuwa mlevi na mimi nilikuwa mke wa mlevi. Kila mtu alikuwa na kazi yake na tulikuwa tumeizoea. Kule kwetu Nainokanoka nilimaliza darasa la saba nikiwa wa pili kwa insha, kwa hiyo nitayapanga malalamiko yangu kwa namba ili usipate shida wakati wa kunijibu.

1. Kwanza kabisa, mlimkamata kwa hila. Mwezi wa tatu Baba Kakenya alikuja kwenu kwa sababu ya kidole. Jeki iliteleza, kidole kikapasuka. Kidole, Ndugu Mganga. Alitegemea kushonwa na kurudi kazini. Nesi Salha akakishona, halafu akamuuliza huwa anakunywa siku ngapi kwa wiki. Akamjibu, "Kwani wiki ina siku ngapi, nesi?" Mtu mwingine angecheka. Yeye aliandika. Akaendelea kumuuliza maswali mpaka yakatimia kumi, kwa sauti ile ile ambayo mtu anaulizwa nayo kama anakohoa. Mwisho akamwambia kwamba siku hizi serikali inataka pombe itibiwe kama maradhi mengine, kwenye vituo vya kawaida, na kwamba akitaka kuacha asiache peke yake ghafla, mwili utamgeuka, aje alazwe.

Mimi mwanaume huyo nimemsema kwa Kimaasai na kwa Kiswahili tangu Kakenya hajaota meno, na hakuwahi kunisikia. Mwanamke mwenye sindano alimsikia mara moja. Mkamlaza siku tano. Akatetemeka, akatoka jasho, mkampa dawa, mkamruhusu. Ni kweli niliitwa kusaini, lakini nilidhani nasainia kidole.

2. Kuhusu nyumba. Nyumba yetu ilikuwa imejirekebisha yenyewe, kidogo kidogo, kumfuata mlevi. Kiti chake kilikuwa na miguu mitatu na jiwe. Taa ya ukumbini ilikuwa inawaka ukiipiga kofi. Mlango ulikuwa umekaza tangu alipouangukia, na mimi na binti yetu tulikuwa tunaufungua kwa kuusukuma kwa nyonga. Sasa mtu huyu anarudi nyumbani saa kumi na moja jioni, bado kuna mwanga, mikono imetulia, na hana pa kwenda. Unadhani atafanya nini? Anatengeneza.

Siku alipoutengeneza mlango hakuniambia. Nikaja na ndoo ya vitunguu kichwani, nikautandika nyonga kama kawaida. Mlango ukafunguka kama pazia. Nilijikuta katikati ya ukumbi na vitunguu vimenitangulia jikoni. Baba Kakenya akaviokota kimoja kimoja, akavipangusa kwa shati lake, akasema, "Pole, Mama Kakenya. Nilitaka ufurahi." Nyonga bado inauma, na sijasikia mwongozo wowote wa serikali kuhusu nyonga.

3. Mmenishusha hadhi. Kwenye kikundi chetu cha maombi cha akina mama, kila Ijumaa nilikuwa naombewa mimi wa kwanza. Hata wageni walijua. Mchungaji akipita alikuwa ananishika mkono kwa mikono miwili. Mwezi wa tano nikaulizwa, mbele ya wote, kama nina hitaji lolote. Nikatafuta. Nikasema nyonga. Nafasi yangu akapewa mama mwingine ambaye mume wake ameanza mwaka jana tu, hana hata uzoefu.

Halafu kuna Hamisa mwenye duka la jumla pale nyuma ya soko, rafiki yangu wa miaka mingi. Yeye ni Mwislamu, pombe haijui hata kwa harufu, na kwa sababu hiyo alikuwa anamchukia Baba Kakenya kwa moyo safi. Kila asubuhi kabla sijapanga vitunguu tulikuwa tunamsema mpaka chai inapoa. Sasa hicho kikundi chenu cha Alhamisi, cha walioacha pombe, kimemfundisha kwenda kwa watu aliowakosea. Akaenda kwa Hamisa, akavua kofia, akamwomba radhi kwa ile siku aliyolala juu ya magunia yake ya unga akayalowesha. Hamisa siku hizi anamwita "shemeji". Nikianza kumsema Baba Kakenya, ananiambia, "Lakini anajitahidi, Seenoi." Sina tena mtu wa kumsengenya naye.

4. Kuhusu kumbukumbu. Hili sidhani kama wataalamu mlilipima.

Jumapili moja tulikuwa tunachambua maharage uani. Akaniuliza, "Mama Kakenya, siku ya kumzika yeyo, nilivaa nini?" Yeyo ni mama, kwa lugha yetu. Mama yake tulimzika miaka minne iliyopita, na yeye alikuwepo, ameshikiliwa na wanaume wawili. Nikamwambia, "Ulivaa koti la kaka yangu."

"Nililia?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, "Hapana. Ulicheka."

Akaendelea kuchambua, ila sasa alikuwa anatupa maharage na kubakiza mawe. Ikabidi nimsimulie mazishi yote tangu mwanzo: nani alihubiri, wimbo gani uliimbwa, jinsi mvua ilivyokuja tukiwa bado kaburini, jinsi yule bibi alivyokuwa amemwita yeye kwa jina asubuhi ya siku ya kufa, kabla hajakata roho, na yeye hayupo. Alilia kama mtu anayepewa taarifa kwa mara ya kwanza. Na mimi, ambaye nilikuwa nimeshamaliza kulia mwaka ule ule, nikalia tena. Msiba mmoja nimeufanyia kazi mara mbili, na maharage nikayachambua upya. Mnayo dawa ya kutetemeka. Ya hiyo mnayo?

5. Hili la mwisho ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kwa miaka yote hiyo, Baba Kakenya akishaanguka kwenye kochi, nilikuwa namwambia mambo yangu. Wengine wana mchungaji. Mimi nilikuwa na yeye. Nilimwambia namchukia. Nilimwambia nampenda, mara mbili. Nilimwambia habari za watu wa sokoni na habari za mwili wangu. Kulipokucha hakuwa na habari, na mimi nilikuwa mwepesi. Ilikuwa huduma nzuri sana, Ndugu Mganga, na mmeifunga bila tangazo.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, mchana, alijilaza kwenye kochi, amefumba macho. Mimi nilikuwa namenya viazi. Mazoea ni mazoea, nikaanza. Nikamwambia kwamba mavuno yakiisha namchukua Kakenya narudi kwa kaka yangu Supeet, Nainokanoka. Nikamwambia begi limeshafungwa tangu mwezi wa kwanza, kabla ya mambo ya kidole, liko dukani kwa Hamisa nyuma ya magunia ya sukari, zipu imekufa nimelifunga kwa kamba. Nikamwambia sijui kama nitarudi. Nikamaliza viazi, nikaenda kuwasha jiko. Hakuna aliyenijulisha kwamba mtu ambaye hajalewa anaweza kufumba macho na asiwe amelala.

Siku ile alikula, akaosha sahani yake, akaenda kumsikiliza Kakenya akisoma.

Kesho yake Hamisa akaja gengeni kwangu, hata duka kaliacha wazi. Akaniambia Baba Kakenya alipita saa sita akiwa na koleo mfukoni, akaomba begi. Hamisa akampa, nimeshakueleza kwamba yeye mmeshamharibu. Akakaa juu ya kreti nje ya duka, akaitengeneza zipu. Meno mawili yalikuwa yamepinda, akayanyoosha. Akaipaka nta ya mshumaa, akaifunga na kuifungua mara tatu. Ndani hakuangalia. Halafu akalirudisha nyuma ya magunia, pale pale. Hamisa akashindwa kujizuia. "Shemeji," akamuuliza, "unajua hilo begi ni la nini?"

Akamjibu, "Najua. Ile barabara ya kupanda kreta kwenda Nainokanoka ina makorongo. Vitu vyake vingemwagika."

Naomba usimame hapo kidogo, Ndugu Mganga, uniambie wewe kama mtu msomi: mwanamke anaondokaje baada ya maneno hayo? Nilikuwa na sababu zangu, nimezipanga vizuri tangu mwaka wa kwanza mpaka wa kumi na moja, na kila moja ni ya kweli. Hakuna hata moja iliyofutika. Ile siku aliyouza mbuzi wa Kakenya haijafutika. Kovu langu la kiwiko halijafutika. Lakini nilikwenda dukani, nikalifungua begi lile, nikalifunga. Linateleza kama jipya. Nikakaa juu ya magunia ya sukari mpaka Hamisa akaniuliza kama naumwa.

Na kama ningemjibu ukweli ningesema ndiyo. Mimi nilijiandaa kwa ulevi wake. Hata kwa kifo chake nilijiandaa. Kitenge cheusi ninacho. Kupona kwake sikujiandaa nako. Zamani ikifika jioni sikuwa nasikiliza hatua zake, maana nilikuwa najua zitakuwaje. Sasa kila siku, ikikaribia saa kumi na moja, mkono unasimama juu ya sufuria na nasikiliza kama anatembea sawasawa. Woga huo nilikuwa nimeuacha miaka mingi iliyopita. Ni ninyi mliouleta upya ndani ya nyumba yangu, na dawa zenu za bure.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mwongozo wa serikali ubadilishwe, ili mke apewe notisi ya miezi mitatu kabla mume hajaponywa, kama anavyopewa mpangaji. Kila mke aulizwe naye maswali kumi, na yaandikwe kwenye faili lake, siyo la mume. Nesi Salha akatazwe kuuliza lolote ambalo halihusu kidole alichoshika. Na kwa upande wangu mimi, naomba Baba Kakenya arudishwe katika hali mliyompokea nayo, kwa wiki moja tu, anitukane mara mbili tatu kama zamani, niweze kuondoka na dhamiri iliyotulia. Baada ya hapo mnaweza kumponya tena, sitapinga. Ikishindikana kumrudisha, basi nilazeni mimi. Siku tano, kitanda kile kile. Nami nina ya kutetemeka.

Nasubiri jibu lako kwa maandishi. Unisalimie mlinzi wa getini, na yule mama wa maabara anayenunua vitunguu vyekundu, na wagonjwa wote wa wodi ya wanaume. Nesi Salha naye msalimie, ingawa hastahili.

Ni mimi ninayelalamika kwa heshima zote,

Seenoi Lomayani (Mama Kakenya)

N.B. Ndugu Mganga, hayo ya juu niliyaandika Jumamosi. Jana Jumatatu dereva mmoja aliwaaga mafundi pale gereji, na Baba Kakenya akarudi amelewa. Alinitukana, mara tatu, nilihesabu. Kwa maana hiyo ombi langu lilijibiwa kabla hujalisoma, na ruhusa ya kuondoka nilikuwa nayo mkononi.

Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye ngazi, viatu mkononi, hawezi kuniangalia. Akasema, "Nenda tu, Mama Kakenya. Mimi nimeshashindwa." Nikamwambia avae viatu. Tumekuja kwa miguu, nimemshika mkono njia nzima, watu wa sokoni wote wametuona na vitunguu vyangu havijapangwa mpaka sasa.

Naandika haya kwenye benchi lenu, nyuma ya karatasi hiyo hiyo, maana sina nyingine. Tuna namba sita. Nesi Salha amepita akatuambia jambo hili huwapata wengi na kwamba hatuanzi mwanzo, tunaendelea. Nimemwomba aliseme tena, polepole, Baba Kakenya asikie. Amelisema tena. Mimi pia nimesikia.

Mwongozo msiubadilishe. Maswali yenu muulizeni kila mwenye kidole. Na kama Alhamisi mnaruhusu wake kuingia, niandikeni, nitakaa popote.

Wameita namba sita. Amesimama kabla yangu.