Beseni Lililotangulia Foleni

"Kwani hicho kitu kinaliwa au kinavaliwa?"

Swali hilo aliuliza Mama Povu, mikono ikiwa imezama kwenye beseni hadi viwiko, asubuhi ya Jumatatu ambayo mwenye duka la kompyuta alibandika tangazo mlangoni. Mama Povu ni dobi. Hufulia pembeni ya mlango huo, penye bomba la maji, na alikuwa akifulia hapo kabla duka halijawa duka. Aliyeulizwa ni jirani yake wa mlango wa pili, mwanamume mmoja mwenye tai aitwaye Katibu. Katibu wa nini, hakuna aliyejua. Lakini alikuwa na faili, na mtu akitembea na faili kwapani miaka saba, watu huona haya kumuuliza.

"Hakiliwi, Mama, wala hakivaliwi," alijibu Katibu, macho yakiwa kwenye tangazo. "Hiyo ni kadi ya grafiki. Inatiwa ndani ya kompyuta, inachora picha. Mpya kabisa, imezinduliwa juzi."

"Na bei hiyo ni ya kadi peke yake, au ya kadi na nyumba ya kuiwekea?"

Bei ilikuwa imeandikwa, ikakatwa, ikaandikwa nyingine juu yake, nayo ikakatwa, kisha ya tatu ikabanwa pembeni kwa herufi ndogo za aibu. Kadi yenyewe ilikuwa haijafika, lakini bei yake ilikwisha kufika mara tatu. Chini kabisa paliandikwa: *Zinakuja Ijumaa. Idadi haijulikani.*

Katibu alisoma maneno hayo mawili ya mwisho polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Mlangoni walisimama watu sita: mpiga picha za arusi, mchora ramani za nyumba na wenzao wanne wenye mabegi mgongoni. Hao walijua wanachokitaka. Walikuwa wakigombana ni nani alitangulia.

Ni haki msomaji aijue hali ya Katibu asubuhi hiyo. Mkewe alikuwa kwao akimuuguza mama yake, na angerudi Ijumaa. Cherehani ya mkewe, iliyokuwa ikilipa kodi, ikinunua unga, na ikanunua hata ile tai, haikuwapo mezani. Katibu alikuwa ameiuza kwa muuza vitu vilivyotumika wa mtaa wa nyuma, apate mtaji wa biashara ya simu, na biashara hiyo ikatoweka siku ya pili pamoja na aliyeileta. Kwa kuwa redio, pasi na feni vilikwisha kuihama nyumba hiyo kwa mtindo huo huo, mkewe alikuwa ameaga kwa maneno machache: "Nikirudi nisipoikuta cherehani yangu, na mimi hutanikuta." Mwanamke yule hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Basi Katibu alinyoosha tai, akafungua faili.

"Ndugu zangu! Mbona mnagombana kama watu wasio na uongozi?"

"Wewe ni nani?" akauliza mpiga picha.

"Katibu wa foleni."

"Nani kakuchagua?"

"Kikao."

"Kikao kipi? Sisi tuko hapa tangu alfajiri!"

"Ndiyo maana hamkuhudhuria," alisema Katibu kwa huruma. "Majina, tafadhali. Ada ya kuandikishwa ni ndogo, na kila mmoja atapewa namba yenye muhuri."

Muhuri ulikuwa wa klabu ya mpira iliyovunjika zamani, lakini ulikuwa na wino, na wino una heshima yake. Wote sita walilipa. Walipolipa, wapita njia wakaona muhuri. Walipoona muhuri, wakasimama.

"Foleni ya nini hii?" aliuliza mwalimu mmoja mstaafu.

"Ya kadi, Mwalimu."

"Kadi gani?"

"Mwalimu, ukiendelea kuuliza namba zitakwisha."

Mwalimu alichukua mbili, moja yake na moja ya mkewe. Muuza nyama aliyaacha maini kwenye mizani akaja kuchukua ya tisa. Kinyozi alimwacha mteja na ndevu za upande mmoja. Hadi Jumanne mchana Katibu alikuwa amegonga muhuri mara sitini, na kama wino usingekauka angeandikisha hata paka.

Binadamu hawezi kusimama siku nne, hivyo kila mmoja aliacha kitu mahali pake, kama watu wanavyofanya bombani. Foleni ikawa ya kandambili, vigoda, matofali, birika, tairi moja, na gogo la muuza nyama la kukatia. Ilifuata ukuta, ikapinda kona, nayo ilikuwa foleni yenye adabu kuliko zote zilizowahi kuonekana mtaani, maana hakuna aliyesukumana.

"Namba nane ni nani?" mtu aliuliza.

"Ni hilo tofali."

"Liambie lisogee, limemkalia namba saba."

Kisha namba zikaanza kuuzwa. Ya kumi na nne ilinunuliwa asubuhi kwa bei ya kuku, mchana kwa bei ya mbuzi, na ilipofika alasiri mwenyewe alitangaza kwamba haiuzi tena, anawawekea watoto wake. Katibu alitoza ada ya kuhamisha jina. Ili moto usizime, alimvuta Mwalimu pembeni akamnong'oneza, kwa siri kubwa, kwamba huenda ikaja kadi moja tu. Mwalimu aliapa kutomwambia mtu, akaenda moja kwa moja kwa kinyozi.

Siku hiyo hiyo Mama Povu alipita mtaa wa nyuma kupeleka shuka. Kwenye duka la vitu vilivyotumika akaiona cherehani yenye utepe mwekundu uliofungwa mguuni. Utepe ule aliufunga yeye kwa mkono wake, mwaka ule mke wa Katibu alipomshonea foronya za wateja bila kumtoza. Aliuliza bei, akashukuru, akaenda zake. Hakumwambia mtu ila Mola wake.

Jumatano ndipo balaa lilipoingia. Mpiga picha, namba moja, alikuja kuziangalia kandambili zake akakuta kwamba kati ya kandambili na mlango pana kitu.

"Hili beseni ni la nani? Mbona liko mbele yangu?"

"Langu," alisema Mama Povu.

"Liko hapa tangu lini?"

Mama Povu hasemi uongo, hata kwa mteja anayeuliza kama shuka zimekauka. Alifikiri kwanza. "Tangu mwaka niliofiwa na mume wangu. Huu ni wa kumi na moja."

Mwalimu alivua miwani.

"Miaka kumi na moja yuko kwenye foleni," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu mama anajua kitu."

"Najua kufua," alisema Mama Povu.

"Mnaona anavyoficha?"

Palepale ikaamuliwa kwamba beseni ni namba sifuri. Katibu alitaka kuligonga muhuri, Mama Povu akamzuia kwa mkono wenye sabuni, akisema wino huo utamharibia shuka za watu. Kinyozi alitaka kulinunua. Muuza nyama akaongeza bei, pamoja na paja la mbuzi juu yake. Kila mmoja alijibiwa maneno yale yale: "Sina cha kuwauzia, wanangu. Hilo ni beseni." Na kila alipokataa walirudi nyuma hatua moja kwa heshima.

Alhamisi asubuhi Katibu alitoka kwake, noti zimejaa soksi zote mbili, akiwa njiani kwenda kuikomboa cherehani. Tumwandikie hilo kama thawabu, kwa sababu safari hiyo alikuwa na nia. Alikuwa amebakiza hatua ishirini alipokutana na muuza nyama anayekimbia.

"Katibu! Umesikia? Inakuja moja tu!"

"Moja nini?"

"Kadi! Na kuna tajiri mwenye gari jeusi anaingoja, atamlipa mwenye nayo mara kumi. Mwalimu kaambiwa na mtu wa ndani kabisa!"

Uongo wa Katibu ulikuwa umerudi nyumbani umenenepa, umevaa viatu, na una gari. Baba yake hakuutambua. Alisimama katikati ya njia, cherehani mbele yake na beseni nyuma yake, akajiambia kwamba mara kumi ni cherehani moja ya mke na tisa za kwake. Akageuka.

Alimkuta Mama Povu anasuuza.

"Mama, niuzie nafasi."

"Nafasi ipi, mwanangu?"

"Hiyo ya beseni."

"Ya kusimama juani karibu na maji machafu?"

"Hiyo hiyo."

"Katibu, nisikilize vizuri, ili kesho usiseme sikukwambia. Mimi sijui kama kadi hizo zinakuja moja au mia. Sikupanga foleni yoyote. Hilo ni beseni, tena limetoboka kidogo upande huu."

"Nimekuelewa, Mama," alisema Katibu akikonyeza jicho, maana wajanja hutambuana. "Taja bei."

Mama Povu alikung'uta shuka, akaitundika, akaibana vibanio viwili. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Kisha akataja kiasi.

Katibu alishangaa kwa udogo wake. "Mama, muuza nyama alikupa zaidi ya hapo! Nakuongezea theluthi, usije ukaghairi."

"Sitaki zaidi. Nimesema kiasi hicho."

"Nusu juu yake!"

"Katibu, unanitukana. Kiasi hicho, si zaidi si pungufu, la sivyo acha nifue."

Hapo ndipo mtu mwenye akili za kawaida angejiuliza kwa nini kiasi hicho kinafanana mno na bei iliyobandikwa kwenye cherehani fulani. Lakini akili za Katibu hazikuwa za kawaida, na zilikuwa kwenye gari jeusi. Alivua soksi, akahesabu, akalipa. Kilichobaki alinunulia koti na viatu vya ncha kali, maana mtu wa kwanza kwenye foleni ya namna ile hawezi kupokea kadi amevaa kama mtu wa kumi na nne.

Mama Povu alilitoa povu la mwisho kwenye beseni, akafuta mikono kwenye kanga, akashika njia ya mtaa wa nyuma.

Ijumaa saa nne lilikuja lori. Katibu alikuwa mlangoni, amekaa juu ya beseni lililofudikizwa, koti limefungwa vifungo vyote. Milango ya lori ilifunguliwa, na wapakuaji wakaanza kushusha maboksi. Walishusha kumi. Wakashusha arobaini. Walipofika mia moja Katibu alikuwa bado anangoja wamalize za watu wengine washushe ile moja.

"Zimekuja tele!" alipiga kelele mwenye duka kwa furaha. "Kila duka limeletewa! Bei imeshuka!" Akachukua kalamu, akaikata bei ya tatu, akarudisha ya kwanza, akaitazama, akaipunguza nayo.

Wale sita waliingia, wakalipa, wakatoka na maboksi yao, yote kwa dakika kumi. Muuza nyama alifuata. Alilipokea boksi, akalipima kwa kiganja.

"Kilo mbili na kitu," alisema. "Sasa hii naifanyia nini?"

"Unaitia kwenye kompyuta yako," alisema mwenye duka.

"Mimi nina mizani."

Akalirudisha boksi kaunta. Mwalimu alitazama namba zake mbili, akamtazama kinyozi, kinyozi akalitazama tofali. Ikawadhihirikia wote kwa pamoja kwamba hakuna hata mmoja wao mwenye kompyuta, na kwamba walichokuwa wakinunua wiki nzima kilikuwa kipande cha karatasi chenye picha ya mpira. Vichwa viligeuka taratibu kuelekea mlangoni.

Katibu alikuwa amekwisha kupinda kona, beseni kichwani, viatu vya ncha kali mkononi.

Aliingia chumbani kwake akafunga komeo. Alipogeuka, akamkuta mkewe amekaa kitandani, begi la safari miguuni bado halijafunguliwa. Kwenye kiti kimoja alikaa Mama Povu. Mezani, juu ya alama nne ilizoziacha kwenye vumbi, ilisimama cherehani yenye utepe mwekundu.

Katibu aliona mwanga. "Eeh, mke wangu! Si unaiona? Niliipeleka kwa fundi itiwe mafuta, sasa..."

"Stakabadhi ina jina la Mama," alisema mkewe. Sauti yake haikupanda. "Ameinunua jana. Na mimi nimempa mkono kwamba nitashonea kwake, chumba chake kina nafasi ya meza. Endelea. Fundi alisemaje?"

"Pesa nilizonunulia ni zako, Katibu," alisema Mama Povu. "Nilikwambia ni beseni."

Nje sauti zilikuwa zinakaribia, na ya muuza nyama ilikuwa mbele. Katibu alitafuta neno kwenye kinywa kile ambacho hakijawahi kukosa neno, akageuka huku, akageuka kule, mwishowe akaligonga beseni kwa kidole ili lilie vizuri.

"Lakini mke wangu," alisema, "angalau tumepata beseni."

Mkewe alilitazama beseni, akakitazama kile kitobo. Akajitwisha cherehani kichwani, akashika begi kwa mkono mmoja. Mama Povu alimfungulia komeo, naye akatoka.