Mrehani Usiojua Jembe

Jumatatu, 3 Novemba 1952
Nimekwenda Ipuli mwenyewe kumposa Apolinaria; washenga hula kuku na kusahau ujumbe. Nikatoa shikamoo. Baba yake, Mzee Raymundi, akaitika marahaba huku akinikagua viganja. Eti ni laini kuliko vya padri! Binti yake haolewi na mtu asiyelima. Jumamosi ya tarehe 15 atakuja kwangu Chemchem kuona nilichootesha kwa mkono wangu. Anton naye ameposa. Anton! Majembe matatu, shati moja.

Mimi ni karani wa stesheni. Jembe litaniharibia mwandiko.

Jumanne, 4 Novemba
Mungu hamtupi mja wake! Nimeokota gazeti la Kizungu kwenye behewa la daraja la kwanza. Mimea huota majini, bila udongo! Nimeelewa nusu, inatosha. Ukurasa wa pili nilikuwa nimeshaufungia karanga.

Jirani yangu Bi Kuluthumu amenipa vitawi vya mrehani wake. Apolinaria hupenda kuuchomeka kwenye nywele. Bi Kuluthumu akasema, mwanangu, upande udongoni. Nikamjibu kwamba dunia imeendelea. Nimevitia kwenye madebe manne ya maji, barazani.

Jumatano, 12 Novemba
Mizizi! Myeupe kama uzi! Nikamwita Bi Kuluthumu aione. Akasema vizuri, sasa ipande. Hasikii mama huyu.

Apolinaria amepita akitoka sokoni. Amenusa, amecheka, akaniambia nijitahidi, maana yeye Anton hamtaki. Nimeshindwa kula kwa furaha.

Alhamisi, 13 Novemba
Majani yamegeuka manjano. Nimetafakari. Mmea uliokataa udongo umestaarabika. Kuupa samadi ni kuutukana. Nimeupa chai, sukari vijiko vitatu kila debe. Debe la nne nimeliacha na maji yake, kwa kulinganisha. Wataalamu hufanya hivyo.

Ijumaa, 14 Novemba
Sisimizi. Harufu. Nimeongeza sukari.

Nasikia Anton amelima shamba zima la Mzee Raymundi, yeye na wenzake kumi na wawili, kwa ngoma. Kelele tupu.

Jumamosi, 15 Novemba
Mzee Raymundi amefika asubuhi na Apolinaria. Nyuma yao akaja Bwana Afya, anayekagua maji yaliyotuama mtaani. Nikafurahi: shahidi wa serikali! Nikamweleza kuwa mrehani hufukuza mbu. Akachungulia debe la nne, akaniuliza hawa wanaoogelea ni akina nani. Viluwiluwi vya mbu! Akapindua madebe yote. Chai ikamfikia mzee viatuni. Mzee akavivua, akavikung'uta, akashika njia ya Ipuli pekupeku.

Apolinaria akaninong'oneza nije kwao Jumatatu alfajiri na jembe, nilime matuta matatu tu mbele ya baba yake, naye atamsihi. Nikamwambia hakuna haja. Kosa lilikuwa sukari, haikutosha. Akageuka, akamfuata baba yake.

Jumapili, 23 Novemba
Leo padri ametangaza ndoa ya Anton na Apolinaria. Apolinaria alikaa mbele, ameinamisha kichwa. Nimeumia, sitaficha. Wimbo wa mwisho sikuweza kuuimba.

Njiani nikapiga hesabu. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu kabla ya kufungwa. Mrehani hutoa mizizi kwa siku nane. Nafasi ipo! Kesho natafuta madebe kumi, na safari hii natia asali.