Alama Nyekundu ya Baba

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimeshusha spika za Baba kutoka juu ya kabati. Nzito! Mbao halisi, si plastiki ya siku hizi. Vitambaa alivyovifuma Mama bado vimezifunika. Nilivinusa. Vumbi tu, lakini machozi yalinilenga.

Jumapili tunamkumbuka Baba, miaka kumi tangu atuache. Mama ana ombi moja: asikie kaseti ya harusi ya kule Karungu, ile ya 1986, Baba alipofanya pakruok. Siku hizo mwanaume alinyanyua mkono, bendi ikanyamaza, akajisifu na kumsifu mkewe mbele ya umati, kisha gitaa zikaendelea. Sasa masikio ya Mama yamefifia, kwa hiyo itabidi sauti iwe juu. Hakuna shida. Mtaalamu nipo.

Jumanne, 5 Agosti
Nimejaribu. Kwenye namba sita ya kitufe cha sauti cha amplifaya, Baba aliweka alama nyekundu kwa rangi ya kucha ya Mama. Hakuna aliyeruhusiwa kuipita. Niliwahi kuchapwa kwa ajili ya hiyo alama, na leo natamani angekuwepo anichape tena.

Nilifika nane. Spika ya kushoto ikakwaruza. Mayaka, jirani yangu hapa Sori mwenye duka la simu, akachungulia kuuliza kama nimeanza kusaga mahindi. Ana spika ya bluetooth yenye taa za rangi, basi anajiona! Akasema angeweza kuitia ile kaseti kwenye simu, Mama asikilize kwa earphone. Nilimjibu kwamba babangu hakuwa mtu wa kuishi kwenye simu.

Mpango: sponji. Nimekata kona ya godoro letu nikaijaza ndani ya spika. Mke wangu Millicent hajaona.

Jumatano, 6 Agosti
Millicent ameona. Aliniuliza kama siku hizi spika nazo hulala. Mkwaruzo uko palepale.

Alhamisi, 7 Agosti
Rongo, kwa fundi Simeon. Alizitambua spika kabla hajanitambua mimi! Akatoa sponji yote. Iliniuma.

Kisha akaniita omera, yaani ndugu yangu, na kunieleza taratibu kwamba spika haiuawi na sauti kubwa tu. Inauawa na amplifaya ndogo inayolazimishwa. Ikizidiwa inakwaruza, na huo mkwaruzo ndio unaochoma koili, ule waya uliosokotwa ndani yake. Nishushe besi, nisiipite alama. Akafunga fyuzi kwenye waya wa kila spika: mambo yakizidi, fyuzi ikatike, spika ipone. Akanipa moja ya akiba.

Alisema ile alama waliiweka pamoja, yeye na Baba, baada ya kuipima hiyo amplifaya mchana kutwa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

Jumapili, 10 Agosti
Aibu! Watu walijaa, hadi wa kutoka Karungu. Mama alikaa mbele, kitenge kipya. Kaseti niliirudisha nyuma kwa kalamu, kama zamani. Gitaa zikalia kwenye sita, wazee wakaanza kutikisa mabega. Nilijiona mtoto tena. Lakini Mama akasema hasikii vizuri. Na Mayaka alikuwa anatabasamu! Nikapanda hadi tisa.

Bendi ikanyamaza. Baba akasema: “Mimi Maranga wa Sori, mume wa Risper nyar Karungu, binti wa Karungu, mwanamke ambaye...”

Kimya. Fyuzi zote mbili!

Nikaweka ile ya akiba kushoto. Nikarudisha kaseti. “Mwanamke ambaye...” Kimya tena. Wageni wakaanza kummalizia Baba sentensi, kila mtu na yake. Ah, fyuzi ni adui! Nikamenya waya, nikachomeka nyuzi za shaba mahali pake. “Mwanamke ambaye...”

Moshi. Spika ya kushoto ya Baba imeungua mbele ya wageni wake. Mama hakusema kitu. Alikichukua kitambaa chake, akakikunja mara nne. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 11 Agosti
Mayaka ameleta fyuzi mpya, na hakucheka. Nikaitia kwenye spika ya kulia. Ni nzima, maana fyuzi yake ilikatika na mimi sikuwahi kuigusa. Nikaweka sauti kwenye alama nyekundu.

Mama akavuta kiti, akaegemeza sikio kwenye spika. Akasema ndivyo alivyokuwa akiisikiliza kaseti hiyo Baba akiwa safarini, ili asituamshe sisi watoto. Na Baba akamaliza: “...mwanamke ambaye akinyamaza, nyumba nzima inajua nani amekosa!”

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akalia. Nami nikalia. Tuliirudia mara nane. Sijawahi kumkumbuka Baba hivi.

Jumatano, 13 Agosti
Mama anataka wageni warudi Jumapili wasikie ule mwisho. Watu wengi, spika moja. Nimefikiri sana.

Nimepaka alama mpya kwenye tisa, kwa rangi ya kucha ya Millicent. Ile ya Baba nimeikwangua, isije ikachanganya watu. Na kosa la juzi nimeligundua: zile nyuzi za shaba zilikuwa nyembamba mno. Safari hii, mahali pa fyuzi nimeweka msumari.