Mtangazaji Wenu Aliyeingia Kwenye Gitaa Langu Bila Hodi

Kwa Meneja wa Vipindi,
Kituo cha Redio chenye mnara mwekundu na mweupe.

Ndugu Meneja,

YAH: MTANGAZAJI WENU WA MIFUGO KUINGIA NDANI YA GITAA LANGU NA KUZUNGUMZA KATIKATI YA HARUSI YA BINTI YANGU

Naomba usicheke. Kila aliyekwisha kukisoma kichwa hicho amecheka, akiwemo mke wangu, ambaye ndiye aliyenitafutia bahasha.

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nimetembea na vyombo vya kupimia begani, nikiwaonyesha watu pa kwao panapoishia, na sijawahi kukosea zaidi ya upana wa kiganja. Nilipostaafu wenzangu walinipa saa ya ukutani. Nikambadilishia shemeji yangu, naye akanipa amplifaya ya gitaa aliyokuwa akiwekea vyungu vya maua. Ni ya zamani, ya zile zenye taa za kioo kwa ndani, ambazo sharti zipate moto ndipo zitoe sauti. Inachukua dakika nzima kuamka, sawa na mimi, kwa hiyo tukaelewana mapema.

Malalamiko yangu ni haya. Nimeyapa namba ili msiruke hata moja.

1. Amplifaya hii ilikuwa ikikoroma tangu siku ya kwanza. Si kwa nguvu. Ni ule mkoromo wa mtu mzima aliyeshiba na kulala chali. Mkoromo ni wangu na nyumba ni yangu, siwalaumu. Nimeuandika kwa sababu mimi ni mkweli, na mkweli haanzi hesabu kwenye mbili.

2. Nikanunua pedali tano za kukanyagia, maana muuza duka aliniambia mpiga solo bila pedali ni mtu anayeoga bila sabuni. Ya mkwaruzo, ya mwangwi, ya mtetemo, na mbili ambazo hadi leo sijajua kazi zake. Nilizipanga sakafuni kwa kamba, zikanyooka kuliko barabara yenu, zote zikila umeme kutoka adapta moja. Dukani zilinguruma. Kwangu zikatoa sauti nyembamba kama ya mbu aliyefungiwa chupani. Nikikanyaga ya mwangwi, wanakuwa mbu sita. Nikazungusha vitufe vyote kulia, kisha vyote kushoto, kisha nikaviacha kila kimoja kiende kinakotaka. Mbu palepale.

Hata hapo sikuwa na neno nanyi. Ila wakati huohuo binti yangu wa mwisho alikuja kutuambia kwamba anaolewa, na baada ya mama yake kumaliza kulia, akanigeukia mimi. Akasema, "Baba, sitaki muziki wa kukodi. Mlango wa ukumbi ukifunguliwa, nataka nikusikie wewe." Ndugu Meneja, huyu ni mtoto ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuniomba kitu kwa mdomo, alikuwa akikichukua tu. Nikaapa mbele ya mama yake kwamba nitapiga, na kwamba watu watanyamaza.

3. Sasa ndipo mnapoingia. Jumanne moja, saa nne asubuhi, nilikanyaga pedali ya mkwaruzo, na kutoka ndani ya amplifaya sauti ya mwanamume mtu mzima, yenye afya, ikaniuliza, "Mfugaji, je, leo umemtazama mbuzi wako kwato?"

Nikajibu, "Sina mbuzi." Nilijibu kwa sababu nililelewa kujibu ninapoulizwa.

Mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Unaongea na nani?" Nikamwambia sijui, lakini anauliza habari za mbuzi. Halafu nikamsikia akimpigia simu dada yake na kusema kwa sauti ya chini kwamba kustaafu kumeanza kunipanda kichwani. Dada mtu alifika kabla nusu saa haijapita, akanitazama macho, akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia Jumanne. Akaonekana kutoridhika.

Ni yeye huyohuyo, dada wa mke wangu, aliyeitambua sauti. Alipoisikia kwa masikio yake alishika kifua akasema, "Mungu wangu, ni Mjomba Zizi!" Ndipo nilipofahamu kwamba ni mtangazaji wenu, kwamba ana kipindi chake kila Jumanne, na kwamba nusu ya mji inamsikiliza ingawa haina hata kuku.

4. Nilimwita fundi, Jumanne iliyofuata. Wanamwita Fundi Kimya kwa sababu husema maneno machache, na yote huudhi. Alichomoa kila kitu kwenye amplifaya akaiacha tupu, akasikiliza. Mkoromo kidogo. Akagongagonga taa za kioo kwa penseli, moja baada ya nyingine. Ya tatu ikalia kama kengele, akaibadilisha. Akaisogeza amplifaya mbali na friji. Akazima ile taa ndefu ya jikoni, mke wangu akiwa anakata vitunguu, na kwa muda tukawa na kelele za aina nyingine. Kisha akachomeka gitaa moja kwa moja kwa waya wake mwenyewe mfupi: safi. Akaongeza pedali moja: safi. Ya pili: nyuki. Ya tatu: Mjomba Zizi, akitoa salamu kwa wasikilizaji.

Fundi akanyanyuka, akapangusa magoti, akasema, "Waya zako mbovu. Pedali tano haziwezi kunyonya adapta moja. Na plagi haina waya wa ardhi."

Nilimtazama kwa huruma. Nikamwambia, "Fundi, mimi hiyo ardhi nimeipima miaka thelathini na moja. Nimekuta humo mabomba, mifupa na siku moja kitanda kizima. Waya wake sijawahi kuukuta."

Hakucheka. Alisema atatengeneza kwa siku moja. Nami nikakataa kabisa, na naomba uifuate hoja yangu polepole kwa sababu ndiyo uti wa mgongo wa barua hii. Mtu akivuka mpaka akaingia shambani kwako, anayerekebishwa ni yule aliyevuka. Shamba halina kosa. Nikiziba nyumba yangu nitakuwa nimekiri kwamba sebule ni ya Mjomba Zizi na mimi ndiye ninayejificha humo. Nikamshukuru fundi na kumsindikiza hadi njia panda. Alisema neno moja tu njiani. Sitaliandika kwenye barua rasmi.

5. Harusi.

Msinidhanie mzembe. Nilichukua ratiba yenu ya vipindi, nikaipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Mjomba Zizi ni Jumanne, saa nne. Harusi ilikuwa Jumamosi, saa tano. Hakuna mahali kwenye ratiba hiyo palipoandikwa kwamba Jumamosi, saa tano, mnarudia kipindi chote tangu mwanzo. Na hakuna aliyenionya kwamba ukumbi uko karibu zaidi na mnara wenu kuliko nyumba yangu.

Ukumbi ulijaa. Bwana harusi alisimama mbele, suti imemkaa vizuri, jasho linamtoka. Upande wa kulia, kiti cha kwanza, aliketi shangazi yake, mama mwenye heshima zake, shingoni amevaa kitu cha manyoya meupe. Mlango ukafunguliwa. Nikaanza taratibu, bila pedali, na nakuhakikishia palikuwa na watu waliofumba macho. Binti yangu akapiga hatua moja, kisha akasimama: pindo la gauni lilikuwa limenasa kwenye bawaba. Nikaona huu ndio wakati wa kumsaidia mtoto wangu. Nikakanyaga pedali ya mkwaruzo kwa nguvu zangu zote.

"Akisita mlangoni usimpige," alisema Mjomba Zizi, na ukumbi mzima ukamsikia. "Msukume taratibu kwa nyuma, huku ukimwita kwa jina lake."

Msimamizi wa bibi harusi, binti mtiifu sana, akamsukuma.

Nilitaka kumzima. Nakuapia nilitaka kumzima. Lakini mguu uliteleza ukaangukia pedali ya mwangwi, na maneno "jina lake" yakazunguka ukumbi mara sita, kila mara yakitokea ukuta mwingine. Gauni likanasuka kwa mlio wa kuchanika. Bwana harusi akafuta jasho.

"Dume likihema hivyo," akaendelea Mjomba, "lipewe maji kwanza."

Mpambe wa bwana harusi akampa maji. Akayanywa yote! Watu walikuwa wameshaanguka juu ya mabega ya wenzao. Mzee mmoja alitolewa nje akikohoa. Na hapo, Ndugu Meneja, wakati nimepiga magoti nikipapasa sakafuni, nikitafuta waya wa kung'oa, mtangazaji wenu akamalizia kwa utulivu: "Na yule mzee wa kundi, mwenye manyoya mengi shingoni, msimtenge. Ila wakati wa kula, msimweke karibu na wengine."

Kila jicho likaenda kiti cha kwanza.

Shangazi aliinuka. Akauliza, si kwa ukali, kwa ile sauti ya chini inayotisha zaidi, "Nani ameniita kondoo?" Akatoka kwa mlango uleule ambao binti yangu alikuwa bado hajamaliza kuuingia, wakapishana.

Mimi nilikuwa nyuma ya amplifaya, nimejikunja, natamani taa zake zinichome. Ndipo nikasikia mtu anacheka karibu yangu. Alikuwa bibi harusi. Wanja umemchuruzika hadi kidevuni, pindo linamning'inia, ameshika tumbo. Alisema, "Baba, endelea kupiga." Nikaendelea. Mjomba Zizi naye akaendelea, habari za chumvi ya kulamba, na hivyo ndivyo tulivyomfikisha kwa mumewe, sisi wawili.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Shangazi alikuwa akimtembelea mpwa wake kila Jumapili tangu kabla ya harusi, na sasa ni Jumapili ya nne hajafika. Binti yangu anasema si kitu, kwa sauti ya mtu ambaye kwake ni kitu kikubwa. Mtaani nasalimiwa "Shikamoo Mjomba." Jana jirani alinibishia hodi akiwa na kuku aliyevimba jicho, akaniomba nikanyage pedali tuone itasemaje.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote:

(a) Mjomba Zizi amwandikie shangazi barua ya kumhakikishia kwamba yule mwenye manyoya ni kondoo anayemfahamu yeye binafsi, na aambatanishe picha ya huyo kondoo.

(b) Kabla ya kuingia kwenye gitaa la mtu, apige hodi na asubiri jibu.

(c) Iwapo sharti aingie, aingie kwa mdundo. Nampa hesabu ya nne. Apumue kwenye ya tatu. Habari za minyoo azisome kwa sauti ya chini, maana nyimbo zangu nyingi ni za mapenzi.

(d) Mifugo yote iache kuugua Jumamosi.

(e) Ikishindikana yote, mnara uhamishwe. Nimeshaupima: kutoka dirisha langu hadi mguu wake wa kushoto ni mita mia nane na kumi na mbili. Niko tayari kuwatafutia kilima kingine, kuwawekea vigingi kwa mikono yangu mwenyewe na kuwashikia ngazi.

Nakusalimu wewe na familia yako. Nisalimie walinzi wa getini, ambao walinizuia kwa adabu mara zote tatu. Msalimie dada wa mapokezi na umwambie koti nililosahau nitalifuata. Msalimie msoma habari wa jioni, ambaye hajawahi kuniingilia popote. Mjomba Zizi naye msalimie, lakini kwa ufupi.

Ni mimi, ninayetambua mipaka yangu na ya wenzangu,

Mpima Ardhi Mstaafu na Mpiga Gitaa la Solo

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha hii shangazi alipoingia, akiwa ameshikana mkono na binti yangu. Kumbe naye aliisikiliza redio Jumanne iliyofuata, akagundua kwamba ni kipindi cha mifugo na maneno yale hayakumhusu, na wiki zote hizi alikuwa anaona haya kurudi. Tena anaolewa! Na mzee mmoja aliyefiwa na mke, mpole, mwenye bustani ya maua. Anataka aingie ukumbini kama alivyoingia mke wa mpwa wake, kwa gitaa langu na Mjomba Zizi ndani yake. Bila Mjomba, amesema, hiyo harusi haipo. Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yangu yote, namba moja hadi tano, na mnara usiguswe, mkiweza urefusheni.

Taabu ni moja. Juzi, nilipokuwa getini kwenu, mke wangu alimwita Fundi Kimya bila kuniambia. Ameweka waya mpya, kila pedali na umeme wake, na plagi imeunganishwa na ardhi. Amplifaya sasa haikoromi, hainong'oni, haina nyuki wala mbu. Nilimpigia shangazi wimbo mzima, safi kabisa, kila noti ikisikika jinsi ninavyoipiga. Alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini. Kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa Mjomba anaanza saa ngapi?"