Pono wa Chumba cha Kusubiria

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Bosi wangu, daktari wa meno, amenikabidhi tangi la kioo lenye yule pono wa chumba cha kusubiria. Nilimhakikishia samaki wa matumbawe nawajua nje ndani. (Nimewahi kuwala.) Akasema nikimtunza, nitakuwa karani mkuu, akifa, nifungashe virago. Afe? Mikononi mwangu? Nimeanza na usafi. Mawe yalikuwa na utando wa kijani, aibu tupu! Nimeyasugua yakang'aa. Moja liligoma, nikamwambia mama wa usafi alitupe.

Jumanne, 4 Machi
Pono hali. Nimempa mkate, yai, hata soseji yangu mwenyewe. Anadonoa jiwe tupu, anageuka. Mama wa usafi akauliza kwa nini nisimwachie ule ukijani wake. Nilicheka hadi machozi. Mtu wa ndoo na fagio anifundishe mimi mambo ya samaki! Anaitaka meza ya karani mkuu, namjua. Nimesugua tena.

Alhamisi, 6 Machi
Tumbo limebonyea. Daktari alisimama mbele ya tangi dakika nzima. Nikamwambia pono anapunguza mwili, ndiyo mtindo siku hizi. Hakucheka. Naogopa, lakini hilo litabaki humu.

Ijumaa, 7 Machi
Nilijua tu! Nimekuta pono anakwangua jiwe la kijani kwa meno yake: kwaru, kwaru! Wagonjwa wawili walidhani ni mashine ya daktari, wakakumbuka ghafla shughuli zao, wakaondoka. Tumbo limejaa, nyuma anatoa mchanga laini mweupe. Mama wa usafi akasema ni lile jiwe la Jumatatu. Hakulitupa, alilihifadhi ndani ya ndoo ya maji ya tangi, dirishani penye jua, na leo asubuhi akalirudisha tangini. Sadfa tupu! Yai langu lilichelewa tu kufanya kazi.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari amenipa mkono. Karani mkuu! Nimeshukuru kwa unyenyekevu, bila kutaja ndoo. Limebaki doa moja tu: jiwe lile linachafua tangi la mtu wa cheo changu. Mama wa usafi ameniomba, baba tafadhali, usiliguse. Wivu mtupu. Sasa amepanga ndoo tatu za mawe dirishani. Sijui za nini, wala sina muda wa kuuliza. Brashi yangu mpya ya waya imefika.