Ugumu wa Semisi

Jumatatu, 6 Mei

Mwalimu mkuu Lotomau ametuita ofisini asubuhi. Amechoka, anasema, kila mwalimu kupika chungu chake peke yake. Kuanzia sasa tutapanga pamoja mada nzima ya hesabu za sehemu. Watatu: mimi wa darasa la sita, Mama Makerita wa la tano, na Etevise wa la nne, binti aliyeletwa kutoka Apia, mji mkuu wa Samoa, mwezi wa pili. Ijumaa ya tarehe 17 wageni wa wizara watavuka kwa meli kuja huku kisiwani kwetu Savai'i kutazama somo moja. Mmoja wetu atalifundisha.

Mmoja! Hapo hapo nikaelewa. Atakayefundisha siku hiyo ndiye atakayeteuliwa mkuu wa hesabu wa wilaya. Nimemweleza mke wangu, Sinapati. Akauliza nani kaniambia kuna cheo kama hicho. Hakuna aliyeniambia. Mtu mwenye akili hangoji kuambiwa.

Mpinzani ni Makerita. Ana miaka sitini na moja, amestaafu akarudishwa kwa upungufu wa walimu, na wilaya nzima inampenda. Alinifundisha hata mimi, darasa la pili. Etevise si kitu. Miaka ishirini na minne. Ananiita mzee.

Hila ya kwanza: niwe katibu wa vikao. Mwenye kalamu ndiye mwenye mkutano.

Jumanne, 7 Mei

Kikao cha kwanza. Nilifika na sahani ya panikeke za moto, maandazi yetu ya mviringo, za kulainishia nyoyo, na mpango mzima wa mada, tayari, kurasa kumi na moja. (Ni wa mwaka 2009. Nimebadilisha tarehe.)

Etevise hakuufungua. Akasema tuanzie mwishoni: siku ya mwisho ya mada, tunataka mtoto aweze kufanya nini? Nikajibu: afaulu. Makerita akachukua panikeke ya nne.

Kisha binti akauliza watoto wetu hukosea wapi. Makerita, bila haya, akataja makosa sita ya darasa lake mwenyewe! Nilimwonea huruma. Zamu yangu ilipofika nikasema wanafunzi wangu hawakosei. Etevise akafurahi mno. Akasema basi kesho niwaletee madaftari yao, wajifunze kwangu.

Ukatibu amepewa Etevise. Ana mwandiko mzuri, wamesema.

Jumatano, 8 Mei

Wakati wa mapumziko nilichagua madaftari kumi mazuri kuliko yote, yenye majalada safi. Kazi ya kiungwana. Lakini Makerita akaingia mwenyewe darasani kwangu akayakusanya yaliyobaki, yote kumi na sita, akayabeba kwenye kanga yake ya kiunoni kama mtu anayetoka shambani na matunda ya shelisheli.

Swali lilikuwa nusu jumlisha theluthi. Watoto kumi na tisa kati ya ishirini na sita wameandika mbili ya tano. Wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Nikasema watoto wa siku hizi hawasikilizi.

Etevise akasema labda wamenakili mahali. Akageuka kutazama ubaoni.

Pale ubaoni, tangu juzi, kwa chaki ya njano, kwa mwandiko wangu: nusu jumlisha theluthi, jibu mbili ya tano. Na chini yake nimepiga mstari mara mbili.

Sikio langu la kushoto liliwaka moto. Miaka ishirini na miwili nafundisha. Huwa nanakili majibu nyuma ya kitabu, na kitabu chetu kurasa za nyuma zimechanika tangu kimbunga.

Makerita akautazama ubao muda mrefu. Kisha akachukua kitambaa, akaufuta taratibu, akamwambia Etevise kwamba Semisi hupenda kuweka kosa ubaoni ili watoto walisake. Ni mbinu ya zamani, akasema. Hata yeye aliitumia.

Uongo mtupu! Kaniokoa. Kwa nini? Anataka nini yule mama?

Alhamisi, 9 Mei

Nimewaza sana. Ni wazi anaitunza siri ile kama silaha. Dawa ni kumvuta Etevise upande wangu. Nimempelekea kopo kubwa la nyama ya ng'ombe. Ameshukuru sana, na kabla ya saa sita kopo likawa mezani kwa Makerita, ambaye wiki hii amelaza kwake wageni wa kanisa. Makerita akaja kunishukuru kwa ukarimu. Mbele ya watu.

Kikao cha pili. Makerita kaleta majani makavu ya mkadi, yale anayosukia mikeka, yamekatwa ukanda ukanda, urefu mmoja. Akasema tukunje nusu. Tukakunja. Sasa tukunje theluthi. Wao wakakunja. Mimi nikapata robo. Nikarudia. Robo tena. Mara ya tatu nikapata kitu ambacho hakina jina katika hesabu.

Etevise alikuwa anaandika. Nikamwuliza anaandika nini. Akasema, macho yanamng'aa, "Mzee, hii ni dhahabu! Hapa ndipo watoto watakwama. Tungeuruka mlima huu tusiuone!"

Nimeuchungulia mpango alipotoka. Somo la tatu, hatua ya pili, imeandikwa kwa wino mwekundu: "Ugumu wa Semisi. Dakika kumi na tano."

Jina langu limeingia kwenye mpango. Nilitaka liingie. Si hivi.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya ibada na chakula cha mchana nimekwenda kwa Makerita kupeleleza. Kisingizio: palusami, majani ya magimbi yaliyofungwa na tui zito, mkono wa Sinapati. Nilitaka kujua anaandaa somo gani la siri.

Hana siri. Alikuwa ameketi anasuka. Akanikaribisha mkekani, akala, akalamba vidole. Kisha bila kunitazama akanipa kanda mbili za mkadi.

"Kunja."

"Mama, leo ni Jumapili."

"Mungu anajua theluthi kuliko wewe. Kunja."

Akanionyesha. Usikunje kwa haraka. Zungusha kama unaviringisha mkeka, mpaka ncha mbili zionyeshe zenyewe mahali zinapokutana. Nikapata theluthi. Tatu, sawasawa! Akaniambia niweke kipande cha nusu kando ya kipande cha theluthi. Vinalingana? Havilingani. "Sasa mtu mwenye nguruwe mmoja na kifaranga mmoja," akasema, "utamwambia ana nguruwe wawili?"

Tukakunja kanda zote mbili, kila mmoja sehemu sita. Nusu ikawa vipande vitatu. Theluthi ikawa viwili. Vyote sasa ukubwa mmoja. Nikavihesabu kwa kidole. Vitano. Tano ya sita.

Nina miaka arobaini na minne. Nikavihesabu tena.

Makerita akaacha kusuka. Akasema mwaka ule wa darasa la pili alikuwa na watoto hamsini na wanane chumba kimoja. Mimi nilikaa nyuma ya nguzo. Aliona sijaelewa. Aliona kabisa. Lakini mwaka ukaisha, akanipitisha.

"Nilikuwa peke yangu, mwanangu," akasema. "Hapakuwa na mtu wa kumwuliza, huyu wa nyuma ya nguzo nimfanyeje. Unisamehe."

Nikamwambia tui limeniingia machoni. Akanipa kitambaa, akasema tui la Sinapati ni kali kweli.

Jumanne, 14 Mei

Jana sikukuu ya akina mama, hakuna shule. Leo kura ya nani afundishe mbele ya wageni. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya dakika saba. Sikuitoa. Makerita alisema kabla sijasimama: Ijumaa afundishe Semisi. Etevise akauliza kwa nini. Makerita akajibu kwamba anayejua panapouma ndiye wa kupaka dawa.

Ushindi! Mbona sijisikii kama mshindi?

Alhamisi, 16 Mei

Sasa najisikia mshindi. Nimechukua tahadhari. Nimemwita Vaelua, msichana wa mbele mwenye sauti kama kengele, nikamfundisha jibu lote pembeni, pamoja na maelezo. Wageni wakikuna vichwa, yeye atapaa. Sijawaambia wenzangu. Kiongozi hubeba mizigo mingine peke yake.

Ijumaa, 17 Mei

Wageni wanne, mashada ya maua shingoni, madaftari mapajani. Makerita na Etevise ukutani, kila mmoja na watoto aliopangiwa kuwatazama na kuandika wanachofanya. Nikauliza swali: nusu jumlisha theluthi. Mpango unasema watoto wahangaike nusu saa nzima.

Vaelua hakungoja hata nimalize. Akasimama, akasema yote, mpaka nguruwe na kifaranga. Dakika ya pili! Darasa likapiga makofi. Wageni wakaandika. Somo limekwisha, na zimebaki dakika arobaini na tatu.

Nikamtazama Etevise. Ameshika mpango kama mtu aliyeshika mtumbwi unaozama. Nikamtazama Makerita. Akafanya kitu kimoja tu: akakunja hewa kwa vidole, taratibu.

Sijui nilichosema kilitoka wapi. Nilisema Vaelua anajua kwa sababu nilimwambia jana. Nikasema mimi mwenyewe, mwalimu wenu, niliwaandikia mbili ya tano ubaoni, na niliamini hivyo mpaka Jumapili iliyopita. Watoto wakacheka hadi wakashikana mabega. Mgeni mmoja akavua miwani.

Kisha mkono ukanyooka nyuma. Fiapia. Tangu shule ifunguliwe mwezi wa pili hajawahi kunyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi bado naona mbili ya tano. Sioni kosa liko wapi."

"Hata mimi sikuliona," nikasema. Nikaenda nikaketi sakafuni kando yake na ukanda wa mkadi. Hatua ya pili. Ugumu wangu. Sikumkunjia. Akakunja, akapata robo, akafungua, akakunja tena. Darasa zima likawa linakunja. Kengele ya mapumziko ikalia, hakuna aliyetoka. Akaweka kipande juu ya kipande.

"Havilingani!" akapiga kelele. "Mwalimu, vipande havilingani! Tulikuwa tunahesabu uongo!"

Kwenye kikao cha tathmini wageni hawakusema Semisi hivi au vile. Walisema: somo lenu. Wakauliza kila mtoto alifanya nini dakika ipi, na Makerita na Etevise walikuwa wameandika yote. Etevise alilia kidogo. Nilipomwuliza Lotomau faraghani kuhusu ukuu wa hesabu wa wilaya, akauliza cheo gani hicho.

Kabla ya kuondoka Makerita alinishika shavu, kama wanavyoshikwa watoto wa darasa la pili.

Jumatatu, 20 Mei

Lotomau ametangaza mada inayofuata: desimali. Kikao ni kesho. Etevise kaniomba nianze mimi, niwaeleze wazi ni wapi desimali zinanitatiza. Nikamwambia hakuna mahali. Jibu lilitoka lenyewe.

Ukweli ni kwamba ile nukta sijawahi kujua inakwenda wapi, wala kwa nini. Ningeweza kumwuliza Makerita. Nyumba yake ni hatua mia mbili kutoka hapa, na alipita jioni hii akanipungia mkono.

Lakini nina mpango bora. Kesho nitakuwa nimepoteza sauti. Nitafunga taulo shingoni na kutikisa kichwa kwa hekima wengine wakisema. Sinapati keshanichemshia majani ya mlimau, na ananitazama kwa jicho ambalo silipendi.

Nimeanza kukohoa tangu saa tisa, ili kesho isionekane ni jambo la ghafla.