Mganga Hafi

Jumatatu, 8 Agosti 1983

Leo nimezaa mchezo. Unaitwa Ufalme wa Maringo. Drafti kwisha! Nimechora nchi nzima kwa chaki kwenye sakafu ya ukumbi wa mtaa: mto, soko, msitu wa simba. Kila mchezaji ni kifuniko cha soda, na ana kazi yake humo ndani. Mkulima, mwindaji, mfanyabiashara, mganga. Haragwe moja ni ng'ombe mmoja. Mwenye ng'ombe wengi Jumamosi jioni, kabla Jama mlinzi wa ukumbi hajafagia, ndiye mfalme. Mimi nilisoma hadi darasa la tano, nikaona walimu wameishiwa. Lakini nimefika Kampala na Mombasa, na kote huko sijaona kitu kama hiki.

Kinyanjui, bingwa wa drafti, mtu asiye na kazi tangu Krismasi lakini hakosi maneno, akasema mchezo bila zawadi ni wa watoto. Watu wakacheka. Nikasikia mdomo wangu ukitangaza zawadi: kiti changu cha mikono. Kile chenye mto mwekundu! Kiti pekee cha heshima nyumbani kwangu. Na Jumapili mama mkwe anakuja kutoka Siaya kukikalia.

Hakuna hofu. Sheria nimetunga mimi. Mganga ni mimi, kila mgonjwa humlipa mganga, na mganga hafi. Nani atanishinda? Phelister, mke wangu, nimemwambia kiti kimeenda kupigwa vanishi.

Jumanne, 9 Agosti

Kasoro ndogo. Kila mtu anataka kuwa mganga. Mkulima hakuna, mwindaji hakuna, mgonjwa ndiyo kabisa. Tulikaa tukitazamana kama mafundi viatu katika nchi ya nyoka.

Nikatoa amri: mganga lazima awe na mkoba wa ngozi. Mimi nakata akala, viatu vya tairi, na mikoba pale soko la Kariokor, mkoba ninao. Ujanja! Jirani yangu Kezia, mjane anayeuza chapati, akaenda nyumbani akarudi na mkoba wake wa kanisani. Dakika chache baadaye ukumbi ulijaa mikoba kama siku ya ubatizo.

Nikaongeza: mkoba unuke mbuzi. Wakanusa mmoja baada ya mwingine. Nikapita peke yangu. Kinyanjui alisema hata bila mkoba ningepita. Wivu.

Jumatano, 10 Agosti

Msiba. Nilienda Kariokor kukata akala. Kurudi, zizi langu jeupe! Kumbe mchezo haulali. Jama akifungua mlango tu, Kinyanjui yumo, anazunguka nchi nzima akikusanya ng'ombe za watu walioko kazini. Asiye na kazi ndiye tajiri! Nchi gani hii?

Javan, anayefanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha blanketi na kulala mchana, naye alikuta hana hata ndama. Akauliza kwa upole kama kuna nchi yoyote ambako yeye angeweza kupata kitu akiwa amelala. Nikamwambia ipo, aningoje kidogo niitunge. Sheria mpya: asiyekuwepo ukumbini haguswi. Kinyanjui arudishe nusu. Akarudisha akinuna. Leo nitalala vizuri.

Alhamisi, 11 Agosti

Ukumbi mtupu. Wote wako nje, wamejipanga dirishani, wanachungulia nchi yao. Asiyekuwepo haguswi, basi nani atakuwepo? Kinyanjui aliingiza mguu mmoja, akautoa. Kezia alileta kigoda chake akakaa pale nje akikaanga chapati. Kufikia saa sita hakuna ng'ombe aliyetembea hata hatua moja. Jama akauliza kama huu ni mchezo au mgomo.

Nikaingia mimi, kuonyesha mfano wa uongozi. Wakaruka wote ndani kwa pamoja, wakaninyang'anya, wakatoka. Javan alirudi kuomba radhi, lakini ng'ombe hakurudisha.

Phelister ameuliza vanishi gani hii inayochukua wiki. Nikasema ya Kizungu.

Ijumaa, 12 Agosti

Siku yangu kubwa! Nimefuta sheria ya juzi, nimewarudisha watu ndani na kumwamsha simba. Anayevuka msitu akaliwa na simba hupoteza kila kitu; akikwaruzwa tu, ni majeruhi. Na majeruhi wote wanakuja kwangu. Kufikia mchana nilikuwa na maharagwe mifuko yote miwili. Kiti nilishakiona mlangoni kwangu.

Kisha simba akamla Javan. Maskini, alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, hajalala. Hakulalamika. Alikishika kile kifuniko chake akakitazama tu. Roho ikaniuma. Nikasimama nikasema mtaa huu hatujawahi kumzika mtu bila mchango. Kila aliye hai atoe ng'ombe mmoja wa matanga, na marehemu arudi kama mjukuu wake, jina lile lile, arithi mchango wote. Watu wakapiga makofi. Javan akafufuka tajiri kuliko alivyokufa.

Sheria bora kuliko zote nilizowahi kutunga. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi, 13 Agosti

Foleni ya kwenda kwa simba ilianza kabla Jama hajafungua mlango.

Wote wanataka kufa! Simba amevimbiwa. Kezia alikufa mara tatu na chapati zake ziko motoni. Kinyanjui alikufa akipiga mluzi. Na kila matanga, aliye hai atoe. Ni nani aliye hai siku zote katika nchi ile? Mganga. Mkono mfukoni, mkono mfukoni, poleni sana, mkono mfukoni. Wagonjwa hawakuja tena: mtu anayetafuta kifo atibiwe nini?

Saa kumi jioni nilibaki na haragwe moja, nalo limetobolewa na mdudu. Jama ameshika ufagio. Nikaamua: nitakufa kama wanaume wengine. Nikaingiza kifuniko changu msituni, nikakilaza kinywani mwa simba. Kinyanjui akakitoa kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayetoa nzi kwenye chai.

"Dishon," akasema, "mganga hafi. Ni wewe ulisema."

Nikajiuzulu uganga. Wakanusa mkoba, wakasema bado.

Kezia ndiye mfalme. Alijitwika kiti kichwani na kuondoka nacho. Nikamfuata nikimweleza habari za mama mkwe, hadi mlangoni pake. Akageuka.

"Mimi nimekufa mara tatu kwa kiti hiki, Baba Akinyi. Wewe umekufa mara ngapi?"



Jumapili, 14 Agosti

Nilimwambia Phelister ukweli wakati basi limeshaingia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Nilikuwa nimetengeneza kiti kingine kwa tairi la lori, kitu cha kisasa kabisa. Alikitazama, akanitazama mimi, akamshika mama yake mkono akampeleka kwa Kezia.

Huko mama mkwe alikaa mchana kutwa. Mto mwekundu, chapati moto. Mimi ni mkwe mwenye adabu, siwezi kumkaribia, nikabaki nje ya mlango nimeshika kikapu chake. Nikamsikia akimwambia binti yake, "Ona kiti. Nyumba ya mwanamke asiye na mume, lakini ona kiti."

Kisha akamuuliza Kezia alikipata wapi. Kezia akasema ni mchango wa matanga.

Mama mkwe akashtuka, akampa pole, akauliza ni nani aliyefariki.

Nikasikia chapati ikigeuzwa.

"Mimi," akasema Kezia.

Jumatatu, 15 Agosti

Nimefikiri sana. Kosa nimelipata: maharagwe! Ni madogo, yanatoka mfukoni upesi. Mchezo mpya utatumia mawe. Mazito. Na mganga atakufa wakati wowote apendapo. Wao wataishi, mimi nitakufa asubuhi, mchana na jioni!

Nimemweleza Kinyanjui. Alinisikiliza vizuri, hakucheka. Aliuliza tu zawadi ni nini safari hii. Nikasikia mdomo wangu ukijibu: kitanda.

Mama mkwe bado amekilalia. Amesema atakaa mpaka mwisho wa mwezi. Lakini hakuna hofu. Sheria nimetunga mimi.